Kichanga Changu Hakishiki Kaboni: Nimekosea Wapi?

SWALI: "Shamba langu ni la hekta mbili, liko kwenye mteremko. Juu ni kichanga, katikati udongo mwekundu wa mfinyanzi, na chini kuna bonde ambalo maji hutuama miezi kadhaa kila mwaka. Kwa miaka minne nimeweka mboji na matandazo sehemu zote tatu kwa kiasi kilekile. Kabla sijaanza nilipima: juu kaboni ilikuwa asilimia 0.5, katikati 1.5; bondeni sikupima. Mwaka huu majibu yamerudi: juu 0.6, katikati 1.9, bondeni 4.1. Je, kichanga changu kimekufa? Rafiki mmoja anasema mboji yangu haikuiva. Mwingine anasema nipande miti kila mahali. Nafikiria pia kuchimba mfereji nikaushe bonde nilime, kwa kuwa ndiko kwenye kaboni nyingi. Na kuna watu wanatutaka tusaini mkataba wa miaka mingi wa kuuza kaboni ya udongo. Kwa nini udongo mmoja unashika kaboni na mwingine unaiachia, na mimi nifanye nini?"

JIBU: Kichanga chako hakijafa. Naanza na hilo kwa sababu naona ndilo linalokukosesha usingizi. Ukizipanga namba za maabara, 0.6, 1.9, 4.1, zinaonekana kama matokeo ya mtihani: huyu kafeli, huyu kapita, yule kaongoza. Lakini hawa hawakukaa darasa moja. Umewalisha sawa, ila kila mmoja anaishi kwenye mazingira yake, na mazingira ndiyo yanayoamua, kwa sehemu kubwa, kaboni uliyoiweka itakaa muda gani kabla ya kurudi hewani.

Wengi wanaoniuliza swali la namna hii wanauwazia udongo kama ghala: unaingiza magunia, unafunga mlango, unahesabu. Mimi huona ni afadhali kuuwazia kama stendi ya mabasi. Stendi hujaa watu kuanzia alfajiri hadi usiku, lakini hakuna aliyehamia pale. Idadi unayoikuta saa yoyote inategemea mambo mawili: wangapi wanafika, na kila mmoja anasubiri muda gani kabla ya kuondoka. Mboji na matandazo yako yameongeza wanaofika. Muda wa kusubiri hukuugusa sana, na huo ndio unaotofautisha kichanga, mfinyanzi na bonde lako.

Tufuatilie abiria mmoja. Mmea unavuta hewa ukaa, unaitengeneza kuwa sukari, na sehemu ya sukari hiyo inashuka hadi mizizini. Mizizi inakufa, majani yanaanguka, na mizizi iliyo hai nayo inadondosha utomvu. Bakteria na kuvu wanakula vyote hivyo. Wanapokula wanapumua kama sisi, na kila pumzi inairudisha hewa ukaa angani. Sehemu kubwa ya jani laini huondoka kwa njia hiyo ndani ya miezi tu. Kinachobaki kinageuka kuwa miili ya vijidudu wenyewe, na wakifa, mabaki yao ndiyo yanayoweza kukaa ardhini miongo, karne, hata maelfu ya miaka.

Zamani tulifundishwa, na mimi nikiwemo, kwamba kinachodumu ardhini ni kile kigumu kuoza: miti, mabua, vitu vya nyuzinyuzi. Utafiti wa miaka ya karibuni umetulazimisha kubadili kauli. Vijidudu wakipewa muda, joto na hewa, wanakula karibu kila kitu. Kaboni iliyodumu ni ile wasiyoweza kuifikia: imenata kwenye chembe ya mfinyanzi, imefungiwa ndani ya bonge dogo la udongo lisiloingilika, imezama majini pasipo oksijeni, au imeganda kwenye barafu. Ukilishika hili, namba zako tatu zinaanza kueleweka.

Anza na mkono wako. Chukua udongo wa katikati, kiasi cha yai, uulowanishe kidogo kidogo huku ukiukanda hadi uwe kama unga uliokandwa. Usukume kwa dole gumba juu ya kidole cha shahada utoke kama utepe. Nadhani utapata utepe wa sentimita tano au zaidi kabla haujakatika. Fanya hivyo hivyo kwa udongo wa juu: hautatoa utepe wowote, utamomonyoka kiganjani na kukuachia chengachenga. Utepe ule ndio jibu la nusu ya swali lako. Chembe za mfinyanzi ni ndogo mno, na nyuso zake ukizikunjua zote zinashangaza. Gramu moja ya mfinyanzi wa kawaida wa ardhi zilizochakaa ina eneo la mita za mraba 10 hadi 20. Mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka unafikia mamia. Juu ya nyuso hizo mabaki ya vijidudu yananata. Na wekundu wa udongo wako ni kutu, yaani oksaidi za chuma, ambazo zinashika kaboni kwa nguvu kuliko watu wanavyodhani. Udongo uliotokana na majivu ya volkano unashika zaidi hata ya huo.

Kichanga hakina nyuso hizo. Chembe ya mchanga ni kama mpira wa kioo: kubwa, laini, haina pa kujishikiza. Kaboni iliyomo inabaki kama vipande vidogo vya majani na mizizi vilivyolegea, wazi kwa kila mlaji. Mchanga pia unapitisha hewa vizuri na unapata joto upesi. Kwa maneno ya stendi yetu, hapo hakuna hata benchi; anayefika anapanda basi la kwanza.

Lakini hata mfinyanzi una kikomo. Nyuso zikishajaa, kila kinachoongezwa kinabaki kwenye hali ile ile legevu ya kichanga. Ushahidi ninaoupenda kwa hili uko Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo huko Uingereza, ambako majaribio ya shambani yalianza mwaka 1843 na yanaendelea hadi leo. Kipande kinachowekwa tani 35 za samadi kwa hekta kila mwaka tangu wakati huo kilipanda kaboni haraka miongo ya mwanzo, kisha kasi ikapungua hadi mstari ukakaribia kulala. Samadi ni ile ile, mavuno ya kaboni ni madogo zaidi. Kwenye shamba jingine la kituo hicho hicho kuna kipande kilichopata samadi kuanzia 1852 hadi 1871 tu, kisha ikasimamishwa. Zaidi ya miaka 100 baadaye bado kilikuwa na kaboni nyingi kuliko kile kisichowahi kupewa, ingawa ilikuwa ikishuka pole pole. Kwa hiyo mfinyanzi wako wa katikati, uliopanda kutoka 1.5 hadi 1.9, uko kwenye miaka yake ya neema. Usiutarajie uende kwa mwendo huo milele.

Sasa bonde. Hapa nakuomba usome taratibu, kwa sababu ndipo unapoweza kufanya kosa lisilorekebishika.

Maji yakijaa kwenye matundu ya udongo, oksijeni inasafiri humo polepole mara elfu kumi hivi kuliko inavyosafiri hewani. Vijidudu wanaopumua oksijeni wanaimaliza iliyopo kwa saa au siku chache, kisha kazi ya kuozesha inabaki kwa wengine wanaoifanya kwa kujikokota. Majani yanaendelea kuanguka, kuoza kunakaribia kusimama, na kaboni inarundikana. Mahali ambapo maji hayaondoki kabisa, mabaki yanageuka kuwa peati: udongo mweusi, mwepesi, wenye nyuzi, ambao kwa kweli ni mimea isiyomaliza kuoza. Peati inafunika takriban asilimia 3 tu ya nchi kavu duniani, lakini kaboni yake inashinda ile iliyo ndani ya miti ya misitu yote. Chukua bonde la kati la mto Kongo. Mwaka 2017 watafiti walitangaza kwamba chini ya misitu ile yenye maji kuna tani bilioni 30 hivi za kaboni.

Kilichoiweka kaboni bondeni kwako, basi, ni maji. Ukichimba mfereji, unairuhusu hewa iingie, na vijidudu waliokuwa wamebanwa pumzi wanaanza karamu. Mwaka wa kwanza na wa pili utavuna vizuri ajabu, maana kuoza kunaachia nitrojeni, na utadhani umepata dhahabu. Kisha udongo utaanza kushuka kimo. Hii si lugha ya picha: ardhi ya peati iliyokaushwa hupungua sentimita moja au zaidi kila mwaka, na kinachopungua kimekwenda hewani. Kweli, bonde lenye maji hutoa gesi ya methani pia, na methani ina nguvu ya kupasha joto kuliko hewa ukaa. Sikufichi hilo. Lakini ukipima vyote kwa miaka mingi, bonde kubaki na maji yake ni nafuu kuliko kulikausha. Rai yangu ni moja: usichimbe. Kama lazima ulitumie, tafuta mmea unaovumilia maji.

Kuna jambo jingine la maji ambalo halihusu mafuriko bali kukauka na kulowana. Umewahi kuona mazao yanavyochangamka mvua ya kwanza baada ya kiangazi kirefu, kana kwamba yamewekewa mbolea? Yamewekewa kweli. Udongo ukikauka sana vijidudu wengi wanakufa na mabonge yanapasuka. Ukilowana ghafla, walionusurika wanakuta chakula tele na wanapumua kwa fujo siku chache, wakiachia hewa ukaa na nitrojeni kwa pamoja. Mtafiti H. F. Birch alilieleza hili mwaka 1958 kutokana na kazi yake Muguga, Kenya, na hadi leo wataalamu wa udongo dunia nzima wanaliita kwa jina lake. Kichanga chako, kinachokauka upesi na kulowana upesi, kinapitia mzunguko huo mara nyingi kuliko sehemu nyingine za shamba. Kila mzunguko ni basi jingine linaloondoka.

Joto nalo. Kanuni ya mkono tunayoitumia ni kwamba joto likipanda nyuzi 10 za Selsiasi, kasi ya kuoza inakaribia kuwa maradufu, ilimradi maji yapo. Ndiyo maana ukipanda mlima unakuta udongo unazidi kuwa mweusi, na ndiyo maana ardhi iliyoganda ya kaskazini ya dunia ina kaboni nyingi hivyo ingawa mimea yake ni dhaifu. Katika msitu wa utafiti wa Harvard, jimbo la Massachusetts, Marekani, watafiti walifukia nyaya za umeme mwaka 1991 wakaupasha udongo nyuzi 5 zaidi ya ule wa jirani. Baada ya miaka 26, sentimita 60 za juu zilikuwa zimepoteza asilimia 17 ya kaboni yake. Cha kujifunza zaidi ni kwamba haikupotea kwa mwendo mmoja. Ilikwenda kwa vipindi: upotevu, utulivu, upotevu tena, kadiri jamii ya vijidudu ilivyobadilika. Udongo wako mtupu wakati wa jua kali unaweza kuwa na joto zaidi ya hilo ukiulinganisha na uliofunikwa. Matandazo kwa hiyo yanafanya kazi mbili: yanaleta abiria na yanawapoza.

Mteremko wenyewe usiusahau. Umeweka mboji kwa kiasi kilekile, lakini mvua haikuiacha pale ulipoiweka. Mmomonyoko huchukua kwanza kilicho chepesi, na kilicho chepesi ni mabaki ya viumbe na chembe laini zilizoshika kaboni. Sehemu ya ile asilimia 4.1 ya bondeni ni mali ya juu iliyoshushwa na maji. Kwa hiyo unaposikitika kwamba kichanga hakishiki, jiulize pia ni kiasi gani kiliporwa kabla hakijaliwa.

Uchachu wa udongo una nafasi yake, lakini kwako sidhani ndio tatizo. Udongo wenye uchachu mwingi huwapunguzia vijidudu kasi na hupunguza ukuaji wa mimea pia. Chokaa huvifufua vyote viwili, na matokeo kwa kaboni yanaweza kwenda upande wowote. Pima, usikisie.

Tuje kwa marafiki zako. Huyu wa mboji isiyoiva hajakosea kabisa. Rundo likiiva, nusu hivi ya kaboni yake imeshaondoka kabla hujalipeleka shambani. Lisipoiva, nusu hiyo itaondokea shambani. Ukipima miaka kadhaa baadaye tofauti si kubwa. Ubaya wa mboji mbichi ni mwingine: ikiwa imejaa vitu vikavu vyenye kaboni nyingi na nitrojeni kidogo, kama mabua au vumbi la mbao, vijidudu watainyang'anya mimea nitrojeni ili wapate kuila. Mizani ambayo wanaifurahia ni sehemu 24 au 25 za kaboni kwa moja ya nitrojeni. Mabua makavu yanapita 60. Majani mabichi ya jamii ya kunde yako chini ya 20. Changanya. Na kumbuka jambo ambalo watu hawapendi kulisikia: mboji uliyoitoa mahali pengine ni kaboni iliyohamishwa. Ikiwa kule ilikotoka udongo umebaki mtupu, dunia haijapata chochote, hata kama shamba lako limepata.

Rafiki wa miti ana nusu ya ukweli. Mwaka 2002 watafiti Guo na Gifford walikusanya matokeo ya machapisho 74 kuhusu mabadiliko ya matumizi ya ardhi. Kwa wastani, msitu wa asili ukigeuzwa shamba la mazao udongo ulipoteza asilimia 42 ya kaboni. Shamba la mazao likipandwa miti, kaboni ya udongo ilipanda asilimia 18. Likiachwa liote msitu lenyewe, 53. Lakini malisho yaliyopandwa miti ya kibiashara yalishuka asilimia 10. Nyasi si maskini kama zinavyoonekana: sehemu kubwa ya mwili wake iko chini, mizizi inakufa na kuzaliwa upya kila mara, na kaboni inayoingia kupitia mzizi ina nafasi nzuri ya kunasa kuliko ile ya jani lililoanguka juu. Panda miti kwenye mstari wa juu ya mteremko na kando ya kichanga, ndiyo. Bondeni, miti inayonyonya maji kwa wingi itakufanyia kazi ile ile ya mfereji.

Kabla sijafika kwenye ushauri, tuzitazame namba zenyewe, maana hapa hata sisi tunaojiita wataalamu huteleza. Niliwahi kumpongeza mkulima mmoja mbele ya watu kwamba kaboni yake imekaribia maradufu. Nilipofika nyumbani nikaisoma upya ripoti: maabara ya kwanza ilikuwa imeandika kaboni, ya pili imeandika mabaki ya viumbe kwa jumla, ambayo kwa desturi ni kaboni ukizidisha kwa 1.724. Udongo ulikuwa haujasogea hata kidogo. Ilibidi nimpigie simu. Na hata zikiandika kitu kimoja, njia hutofautiana: njia ya kemikali ya Walkley na Black, ya mwaka 1934, ambayo bado inatumika sana kwa sababu ni rahisi, hukamata robo tatu hivi tu ya kaboni na kinachobaki hukisiwa kwa kuzidisha, njia ya kuunguza sampuli kwenye tanuri hukamata karibu yote. Hakikisha vipimo vyako viwili vilitoka maabara moja na kwa njia moja. Kama sivyo, ile 0.1 ya kichanga haina maana yoyote. Na hata kama ndivyo, tofauti ndogo hivyo inaweza kuwa ni suala la umechota wapi tu.

Pia asilimia si tani. Mchanga ni mzito, udongo wa bonde ni mwepesi. Tuchukulie kwa mfano kwamba mita moja ya ujazo ya kichanga chako ina tani 1.5, ya mfinyanzi tani 1.2, ya bonde tani 0.8. Kwa kina cha sentimita 20, hekta moja ya kichanga ina tani 3,000 za udongo na tani 18 za kaboni. Mfinyanzi tani 2,400 za udongo na kaboni tani 45.6, bonde tani 1,600 za udongo na kaboni tani 65.6. Kwa asilimia bonde linakishinda kichanga karibu mara saba. Kwa tani, ni mara tatu na nusu. Bado linashinda, lakini kichanga si fukara kama ulivyodhani, na ile nyongeza yake ndogo ya 0.1, ikiwa ni ya kweli, ni tani 3 kwa hekta.

Basi ufanye nini? Kichanga kisimamie kama mtu anayelipwa kwa siku: apate kidogo kila mara, asipewe kikubwa mara moja. Punguza mzigo wa mboji wa pale juu, uugawe mara mbili au tatu kwa mwaka badala ya kuumwaga wote pamoja. Usikiache uchi hata mwezi mmoja. Panda kitu chenye mizizi mingi mara tu zao kuu linapotoka. Jembe lipite kwa uchache. Wengine watakuambia kutolima kabisa kunaongeza kaboni sana. Vipimo vya kina vinaonyesha kwamba mara nyingi kunaihamishia juu tu, huku chini ikipungua, lakini kwa kichanga chenye mteremko faida ya kuzuia mmomonyoko peke yake inatosha. Mkaa wa mabaki ya mazao, uliosagwa na kuchanganywa na mboji, ndicho kitu pekee ninachokijua chenye kukaa kwenye mchanga karne nyingi bila kuhitaji mfinyanzi. Udongo mweusi uliotengenezwa na wakazi wa kale wa Amazon bado una mkaa wao. Ila usikate mti ili upate mkaa wa kuokoa udongo. Utakuwa umeuza ng'ombe kununua maziwa.

Katikati, endelea ulivyo, na weka kinga maji ya kufuata kontua, yaani mstari wa usawa unaokatiza mteremko, mahali kichanga kinapokutana na mfinyanzi. Hapo utanasa kile kinachoshuka. Nyongeza ya mboji utakayoiondoa juu ipeleke huku, maana huku kuna nafasi ya kuishika. Bondeni usiongeze mboji kabisa. Haina kazi pale, na ikioza bila hewa itakuongezea methani.

Kuhusu mkataba, sitakuambia usaini wala usisaini, lakini udongo wako una kikomo cha nyuso, una kiangazi na mafuriko, na mkataba hauna hayo. Waulize wanapima kina gani. Kina kisichofika sentimita 30 usikikubali. Waulize kama wanapima uzito wa udongo au wanakisia kutoka vitabuni. Waulize tani wanayoizungumzia ni ya kaboni au ya hewa ukaa, kwa sababu tani moja ya kaboni ni tani 3.67 za hewa ukaa, na mtu asiyejua anaweza kuuza moja akidhani ni nyingine. Waulize nani anabeba hasara ukame ukiipunguza kaboni mwaka wa nane. Na kama wanahesabu bonde, waambie wakuonyeshe kwa maandishi wanachokulipa ni nini: kaboni iliyoongezeka, au ile iliyokuwepo ambayo unaahidi kutoigusa. Ni vitu viwili tofauti. Mpe mwanasheria wa ardhi ausome kabla ya kalamu.

Kuna mambo ambayo siwezi kuyaamua kwa barua. Chimba shimo bondeni kina cha mita moja, wakati maji yamepungua. Ukikuta tabaka jeusi lenye nyuzi linalopita sentimita 40, mwite mtaalamu wa udongo alione kabla hujafanya lolote. Ukisikia harufu ya yai viza, au ukiona madoa ya manjano mpauko, simama kabisa: udongo wa aina hiyo ukipata hewa hutengeneza asidi kali, na hakuna chokaa ya kawaida itakayokutoa hapo. Vivyo hivyo ukiona korongo limeanza kukatika kwenye kichanga, hata la kina cha goti, afisa ugani aje atembee nawe shambani mvua ikinyesha, aone maji yanapita wapi. Picha haitoshi.

Kipimo kinachofuata kiache hadi mwaka wa nane au wa kumi tangu uanze. Weka vigingi leo mahali pale pale ulipochota, uchote mwezi ule ule, vijiko kumi na tano hadi ishirini kutoka kila sehemu uvichanganye, kwanza sentimita 0 hadi 15, kisha 15 hadi 30, kila kina mfuko wake. Safari hii anza na bonde, maana ndilo usilolipima mwanzo.